Neno la Mjomba Juu ya Macho ya Zabibu

Uwesu wa Chilangala hakuwahi kuunga mkono jambo ambalo hakulipitia mwenyewe, wala hakuwahi kulikataa kwa kusikia tu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na tangu alipokuwa kijana hakuivunja. Wapo watu wengi wenye sheria nzuri midomoni. Uwesu aliiishi ya kwake. Nataka msomaji aanze kwa kumheshimu, kama sisi tulivyomheshimu, kabla hajaona sheria hiyo ilimfikisha wapi.

Mama yake alizaa watoto watatu: Uwesu, kisha Bibiana, kisha Zena. Bibiana jina hilo alilichukua alipobatizwa, alipoolewa kule Lulindi na Alfredi, mwalimu wa kanisa. Wengine wote walibaki Waislamu, na hakuna aliyegombana kwa ajili hiyo. Kwetu huku juu, mlimani Newala, mtoto ni wa upande wa mama. Baba humlisha, humvisha na kumpa jina la pili, lakini mambo mazito ya mtoto, kama vile jando, unyago, posa na ugonjwa mkubwa, husubiri neno la mjomba, yaani kaka wa mama. Kwa kuwa Uwesu alikuwa mwanamume pekee wa tumbo lile, alizaliwa tayari akiwa mjomba wa watoto ambao bado hawakuwapo.

Alizaliwa pia na macho meupe. Katikati ya mboni, mahali ambapo mtu mwingine ana weusi, yeye alikuwa na utando wa rangi ya tui. Macho yenyewe hayakutulia. Yalichezacheza upande huu na huu kama yanayotafuta kitu kilichoanguka. Aliweza kutambua mchana na usiku, na kivuli cha mtu anayepita mbele yake, basi. Ilikuwa miaka ile salfa, dawa ya unga ya mikorosho, ilipokuwa bado ngeni, na mama yake aliipuliza mikoroshoni akiwa mjamzito, mashine mgongoni, unga wa njano ukimrudia usoni. Watu wakasema ni macho ya salfa. Walisahau kwamba bibi yao mzaa mama alikufa kipofu kabla gunia la kwanza la salfa halijapanda mlima wa Newala.

Kijana huyu hakulelewa kwa kuhurumiwa. Alipita jandoni na wenzake bila kutoa sauti. Msimu wa korosho alitembea peku chini ya mikorosho, akipapasa majani makavu kwa nyayo, na korosho aliyoikanyaga haikumpotea. Alinyonyoa korosho kutoka kwenye bibo kwa mzungusho mmoja wa vidole huku akipiga soga. Alioa mwanamke wa Mnyambe, wakakaa miaka kadhaa, hawakujaliwa mtoto, wakaachana kwa amani. Baada ya hapo akahamishia moyo wake wote kwa wadogo zake.

Sheria yake iliwahi kukisaidia kijiji. Mwaka mmoja alikuja mfanyabiashara kijana aliyevaa viatu vinavyolia, akauza dawa ya maji iliyosemekana kumaliza ubwiri, ule ukungu unaoua maua ya mikorosho, kwa mpulizo mmoja. Mkutano ulikuwa umeshamkubali. Uwesu akaomba kusema.

"Kijana, mkorosho wako uliupuliza lini?"

"Mimi sina mkorosho, mzee."

"Wa baba yako je?"

"Baba ni fundi cherehani."

"Basi tuuzie nguo," alisema Uwesu, na mkutano ukavunjika kwa kicheko. Wachache walionunua kwa siri waliona maua yao yakiungua na kudondoka. Tangu siku hiyo wakamwita Shahidi, na mtu akija na habari mpya aliambiwa ampelekee Shahidi kwanza.

Sasa niseme habari ya kisu. Uwesu alipokuwa kijana wa kuota ndevu, walikuja madaktari wa macho katika hospitali moja huko chini, upande wa Masasi. Mama yake, aliyekuwa bado hai, alimsihi, naye akaenda kwa sababu alitaka kujionea. Daktari alimweleza waziwazi kwamba amechelewa, ila upasuaji huenda ukasaidia kidogo. Katika maneno hayo Uwesu alibeba moja tu, kusaidia. Walimpasua jicho la kulia, na baadaye la kushoto. Utando mweupe ukaondoka. Watu waliomtazama waliona macho meusi, mazuri, ya kawaida. Yeye aliyekuwa ndani yake hakuona sura ya mama yake. Nuru iliongezeka, ikawa kali, ikamchoma. Vivuli vilibaki vivuli. Alipewa miwani mizito, akaivaa kwa miezi mingi kwa utiifu, kisha akaivua. Kwa kipimo cha sheria yake, kesi ilikuwa imesikilizwa na hukumu imetoka. Kisu cha macho ni maumivu bila malipo.

Zena, mdogo wao wa mwisho, aliolewa na Ashraf, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Masasi. Ashraf alikuja kukaa kwa mkewe Chilangala kama desturi inavyotaka, akafungua kiduka cha vipuri vya pikipiki na baiskeli. Mimba ya Zena ilipoonekana, katikati ya mwaka 2018, Uwesu alitoa amri ambayo watu waliisimulia kwa muda mrefu: mikorosho yote iliyozunguka nyumba isipulizwe salfa. Ashraf alimkumbusha kwamba ubwiri utakula maua yote. Uwesu alijibu kwamba maua hurudi mwakani. Ikawa hivyo; msimu ule mikorosho ya uani ilisimama na maua meusi yaliyonyauka, na mavuno yake hayakujaza hata gunia. Hakulalamika. Alikuwa amenunua macho ya mtoto wa dada yake, ndivyo alivyoamini.

Zabibu alizaliwa mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zimeanza, na kila nyumba ikikinga maji ya bati kujaza kisima cha kuhifadhia mvua. Alikuwa msichana mnene mwenye nywele nyingi. Mboni zake zilikuwa nyeupe.

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesimama na kuuliza swali moja. Salfa haikuwapo, basi ugonjwa umetoka wapi? Uwesu aliyejivunia ushahidi alikuwa na ushahidi mkubwa mikononi, ulioletwa kwa gharama ya mavuno yake mwenyewe, na hakuufuata. Alisema ni mapenzi ya Mungu. Mara nyingi tunamtaja Mungu pale tulipochoka kufikiri, na hilo ni kosa, hata likisemwa kwa unyenyekevu.

Ukweli ni huu, nao hauhitaji shahada kueleweka. Nyuma ya mboni kuna lenzi, ambayo kwa mtoto mchanga ni kama punje ya mbaazi. Lenzi imejaa protini iitwayo kristalini, iliyobanana kwa mpangilio mzuri kiasi kwamba nuru hupenya bila kizuizi. Ngozi hujifanya upya, damu hujifanya upya, kucha hukua. Kristalini ya katikati ya lenzi haibadilishwi. Uliyozaliwa nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Kwa wazee, miaka huichosha hadi ikaanza kugandana, na huo ndio ugonjwa wa mtoto wa jicho tunaoujua sote. Lakini katika baadhi ya koo, maelekezo ya kuitengeneza protini hiyo yana kosa dogo linalorithiwa kutoka kwa mzazi. Basi inaumbika vibaya tangu tumboni na kugandana humohumo, kama ute wa yai unavyokuwa mweupe ukiingia kwenye maji ya moto. Yai lililochemka halirudi kuwa bichi. Hakuna tone la dawa, wala maji ya kuoshea, wala kombe la kunywa linalorudisha kristalini iliyoganda. Iliyobaki ni kuitoa.

Na kuitoa kuna wakati wake. Jicho hupokea tu. Anayeona ni ubongo. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya kwanza, kama unavyojifunza lugha. Ukikosa picha miezi ile, unaacha kusubiri, na baadaye hata ukiletewa picha safi haujui kuzisoma. Hicho ndicho kilichompata Uwesu. Kisu chake kilifanya kazi yake vizuri, lakini kilimkuta mtu ambaye ubongo wake ulikwisha kuacha kusubiri.

Zena alipompeleka mtoto kwenye chanjo, muuguzi alimulika macho yake kwa tochi. Alimwita Ethel, muuguzi wa macho wa Masasi, mama wa makamo ambaye alikuwa akizunguka vijijini kwa pikipiki. Ethel alipanda Chilangala wiki ileile. Alimpima mtoto, kisha akampima Zena, na ndani ya macho ya Zena, ambayo yalikuwa yakiona vizuri tu, akakuta vijidoa vidogo kama vumbi la chokaa. Ugonjwa ulikuwa umempitia mama kwa upole na kumwangukia mtoto kwa uzito wote. Ethel alieleza kwamba kuna hospitali ya macho Dar es Salaam inayopasua watoto wachanga, kwamba nauli na matibabu vina wafadhili, kwamba nafasi ipo, na kwamba mtoto anatakiwa kuondoka ndani ya mwezi huo.

Zena alisema lazima amwulize kaka yake.

Wakakutana uani alasiri, Uwesu ameketi kwenye kigoda, Ashraf kando ukingoni mwa mkeka, Zena na mtoto mlangoni, na majirani wawili watatu waliokuja kwa kisingizio cha kuomba moto.

"Shikamoo, mama," alisema Uwesu.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Ethel akaeleza yote niliyoyaandika hapo juu, kwa maneno mepesi zaidi, na habari ya yai aliitoa yeye. Uwesu hakumkatiza. Alipomaliza, akauliza:

"Mama, wewe umewahi kupasuliwa jicho?"

"Hapana, baba."

"Na mwanao?"

"Wala mwanangu."

"Mimi nimepasuliwa yote mawili."

"Najua, baba. Lakini ulipasuliwa ukiwa mtu mzima. Hawakukuambia kwamba umechelewa?"

"Daktari husema hivyo ili asilaumiwe."

"Walikuambia ukweli. Huyu ana wiki chache tu, ndiyo tofauti yenyewe."

"Kisu ni kilekile."

"Kisu ni kilekile, na jicho ni lilelile. Kichwa ndicho si kilekile."

"Basi mkapasue kichwa," alisema Uwesu.

Majirani walicheka. Ni utani mzuri, na siku nyingine ungestahili kicheko. Ethel hakucheka. Alimgeukia Ashraf, akamwuliza yeye kama baba anasemaje. Ashraf alitazama mikono yake, akasema kwamba shemeji ameshasema.

Uwesu hakuwa mkatili, na asiyelielewa hilo hatafaidika na habari hii. Sauti yake ilipungua aliposema neno la mwisho. Alisema kwamba alilala kitandani na macho yaliyofungwa, akimwahidi Mungu vitu vingi, na walipomfungua akasikia mama yake anauliza, "Unaniona?", naye akajibu "Ndiyo" ili mama asilie. Hakutaka mtoto huyu aje afundishwe uongo huo. Afadhali amzoeze yeye mwenyewe giza, kwa kuwa anajua njia zake zote. Akamwomba Ethel asirudi kwa jambo hilo.

Ethel alirudi mara nyingine, na baada ya hapo akapiga simu, kisha mwezi ukapita, na miezi mingine ikaufuata.

Ashraf naye nina neno juu yake. Zena alimwambia usiku ule wampeleke mtoto wenyewe, na Ashraf akamjibu, "Mimi hapa ni mkwe. Nikimpandisha mtoto basi bila neno la shemeji, kesho nitalipanda basi hilohilo peke yangu na godoro langu." Zena akamwambia, "Panda na mwanao basi." Hakupanda. Wengi walimsifu kwa adabu yake. Mimi naona adabu isiyoweza kusema hapana mbele ya mtoto anayepofuka ni woga uliovaa kanzu. Zena pia alikuwa na miguu, na basi la asubuhi lilipita karibu na mlango wake. Alimpenda kaka yake, alimwogopa, na zaidi ya yote alimwamini, kwa kuwa ni nani mwingine katika ukoo aliyekuwa amepasuliwa?

Mwaka 2020, kule Lulindi, Bibiana alijifungua mtoto wa kiume, Barnaba. Alikuwa na weupe uleule katika mboni zote mbili. Bibiana alimjua kaka yake, akajua atakachosema, na kwa sababu hiyo hakumwuliza. Alfredi alitafuta namba ya Ethel, wakampeleka mtoto Dar es Salaam kupasuliwa, hajatimiza miezi miwili. Waliporudi Lulindi, habari ilishapanda mlima hadi Chilangala. Uwesu alisema jambo moja tu, kwamba kama Bibiana amejipatia mjomba mwingine, basi amfuate huyo. Zaidi ya miaka miwili hawakusemezana. Ndugu wa Chilangala walikubaliana na Uwesu. Bibiana aliitwa mwanamke aliyeuza ukoo kwa madaktari, na katika sikukuu hakuna aliyempelekea hata salamu.

Nimesikia watu wakisema kwamba mila ndiyo iliyomponza Zabibu. Si kweli, na tusiisingizie mila. Neno la mjomba liliwekwa ili mtoto asiwe mali ya baba mmoja mwenye hasira au mlevi. Liliwekwa kumlinda mtoto. Uwesu alilishika neno hilo, akaliwekea kipimo cha mwili wake mwenyewe, kana kwamba hakuna mwili mwingine duniani.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 mama yake Alfredi alifariki. Msiba wa mkwe haukoswi, hata kwa waliogombana, kwa hiyo Uwesu aliteremka Lulindi pamoja na Zena, Ashraf na Zabibu, ambaye sasa alikuwa na miaka minne. Wanaume walikaa kwenye mikeka upande wa nyumba wenye kivuli. Uwesu alipewa nafasi yake ya mkubwa, akatoa pole. Barnaba, mtoto wa miaka miwili na nusu, miwani mizito imefungwa kwa mpira kisogoni, alikuja akasimama mbele yake hatua chache.

"Mjomba, una inzi."

"Wapi?"

"Kwenye kofia." Kisha akasema, "Karuka." Kisha, "Karudi."

Uwesu alipeleka mkono kichwani taratibu, na inzi akaruka, akamsikia akipita sikioni. Akaomba apewe korosho chache kutoka kwenye sinia, akaweka moja kwenye kiganja na kukinyoosha mbali.

"Nini hii?"

"Korosho."

Akazifumba zote, akafumbua kiganja kingine.

"Na hapa?"

"Hamna."

Akasimamisha vidole viwili, akasimamisha kimoja. Akamwuliza rangi ya shati la baba yake. Akaokota jani kutoka chini na kulificha nyuma ya sikio. Watu wa mkeka wote walikuwa wamegeuka kutazama. Barnaba aliufurahia mchezo na hakukosea; pale ambapo hakuwa na maneno ya kusema, alinyoosha kidole.

Uwesu akamwita Zabibu. Alikuja akifuata sauti, mikono mbele, macho yake meupe yakichezacheza kama ya mjomba wake yalivyocheza zamani. Uwesu akanyoosha kiganja chenye korosho.

"Nini hii, mama?"

Zabibu alitabasamu kwa adabu. "Nipe nishike," alisema.

Uwesu hakumpa. Alikaa na kiganja wazi kwa muda, watu wakitazama ardhi. Kisha akainuka bila kuomba ruhusa, akaenda nyuma ya nyumba akipapasa ukuta, na huko walimsikia akilia. Aliporudi alimwita Zena na Ashraf mbele ya watu wote, akasema, "Mpelekeni." Kisha akamtafuta Bibiana jikoni kwa wanawake, akasimama mlangoni, na yule dada akatoka na kumshika mkono. Sijui walisema nini. Bibiana hajamwambia mtu.

Alikuwa ameona, kwa njia yake. Sheria yake ilikuwa imetimizwa, maana sasa alikuwa amelipitia jambo lenyewe. Shida ya sheria ile ni kwamba haikuwa na haraka, na ugonjwa ulikuwa nayo.

Ethel alipopigiwa simu hakumlaumu mtu. Alimwambia Zena kwamba nafasi itatafutwa na mtoto atapelekwa. Kisha akasema, "Ila nisikudanganye, Mama Zabibu. Tungekuwa tunazungumza mambo mengine kama tungekwenda ule mwezi wa kwanza."

Walikwenda Dar es Salaam watu wanne: Zena, Ashraf, Zabibu, na Uwesu, aliyesema kwamba hatamwacha mtoto kwenye kitanda kama alichokipitia yeye. Daktari aliwaketisha na kuwaeleza kama Ethel alivyoeleza. Atatoa kilichoganda, atamwekea lenzi, lakini wasitarajie sana. Uwesu alimsikiliza daktari huyo kwa makini kupita alivyomsikiliza mtu yeyote maishani mwake, na safari hii alibeba maneno yote.

Siku ya kufungua bandeji Zena aliinama mbele ya uso wa mwanawe. Aliuliza swali ambalo kila mama huuliza. Zabibu aligeuzia kichwa dirishani, kwenye nuru, akainua mkono kujikinga. Kwa mama yake hakugeuka mpaka alipomgusa.

"Unaniona?" Zena alirudia.

Mtoto alifikiri. Hakuwa amefundishwa kudanganya. "Nakusikia," alisema.

Walimpa miwani. Walimpa mazoezi: mpira mwekundu, taa, picha kubwa za wanyama. Zena aliyafanya asubuhi na jioni kwa mwaka mzima bila kukosa, hata msimu wa korosho mikono yake ikiwa imebabuka kwa utomvu. Leo Zabibu anaweza kumtambua mtu akipita kati yake na mlango. Anajua taa imewashwa au imezimwa. Hawezi kuhesabu vidole vilivyo mbele ya uso wake, na daktari amekwisha sema kwamba hapo ndipo atakapobaki.

Ashraf aliondoka mwaka 2024. Hakufukuzwa; alisema anakwenda Masasi kuangalia biashara ya kaka yake, na huko ameoa tena. Huja Idi na nguo ya mtoto. Zena amekataa kuzaa tena, ingawa Ethel alimweleza kwamba mtoto wa pili anaweza kuzaliwa mzima, na hata akizaliwa na ugonjwa sasa wanajua la kufanya. Anasikiliza, anashukuru, anakataa. Na kaka yake humwamkia kila asubuhi, naye humwitikia kwa heshima yote, na hakuna neno la pili linalofuata. Wanaishi uani pamoja kama wapangaji.

Uwesu hasemi tena mikutanoni. Vijana wapya, wasiojua, humwuliza mawazo yake kuhusu mbegu au dawa, naye huwaambia waulize wengine. Mwaka jana binti mmoja wa ukoo alihitaji neno la mjomba juu ya posa, akafika kwake, akakaa siku nzima, akaondoka bila neno. Wapo wanaosema huo ni unyenyekevu. Sikubaliani nao. Mtu aliyekosea kwa kusema hajirekebishi kwa kunyamaza. Anawaacha wengine gizani kwa mara ya pili. Kama angesimama mkutanoni na kueleza kwamba kuna watoto wa ukoo wetu wanaozaliwa na lenzi iliyoganda, na kwamba dawa ni kisu, na kwamba kisu hicho kina miezi michache tu ya kufaa, maneno hayo yangesikika kuliko ya Ethel na yangu, kwa sababu yanatoka kwake. Nilimwambia hivyo ana kwa ana. Alijibu kwamba watu watamwuliza ametoa wapi ujuzi huo, na yeye hawezi kulitaja jina la mtoto yule mbele za watu.

Mwezi wa Januari Zabibu anapelekwa Masasi, kwenye shule ya bweni yenye walimu wa wasioona. Ataanza kusoma kwa vidole. Ni shule njema na walimu wake ni watu wa kujitoa, lakini hakupaswa kuwa mwanafunzi wake. Macho yake yalikuwa na mwezi mmoja, pengine miwili, ya kuokolewa, na mjomba wake aliutumia muda huo kwa kuwa na uhakika. Zabibu amelipa macho yote mawili, na hayatarudi.